Ulimi wa Mshiriki A

Jumatatu, 2 Juni

Siku mbaya. Rasharasha tangu asubuhi, soksi zimelowa, na presha ya Bibi imepanda tena.

Mimi na Mama tulimpeleka zahanati baada ya shule. Nesi alimfunga ule mkanda mkononi, akatazama, akafungua, akafunga upya kama mtu asiyeiamini saa yake. Kisha akatikisa kichwa. Alisema dawa peke yake hazitoshi. Chumvi ipungue, tena ipungue jikoni, isiwe kupungua kwa mdomo tu. Mama akaitika ndiyo nesi, ndiyo nesi.

Jioni Mjomba akapiga simu. Mjomba ni kaka yake Mama, kifungua mimba wa Bibi. Anaishi mbali, jirani na hospitali kubwa, na kwenye simu huongea kama anasoma hukumu. Alisema Bibi apimwe tena Jumamosi ya wiki ijayo. Presha ikishuka, sawa. Isiposhuka, anakuja na gari kumchukua akaishi kwake, na mjadala umefungwa. Mama akasema sawa, kaka. Baba akatazama dari. Bibi akasema yeye si gunia la kubebwa, ila alilisema kwa sauti ndogo sana.

Mimi na Bibi tunalala chumba kimoja. Kitanda chake cha dirishani, changu cha mlangoni. Ndiye mtu pekee ambaye nikimwambia jambo sauti yangu inatoka yote. Darasani inatoka nusu. Mbele ya wageni haitoki kabisa. Akiondoka nitabaki na vitabu, na vitabu havijibu.

Lazima presha ishuke!

Tena nimegundua kitu. Maonyesho ya sayansi shuleni ni Ijumaa ya wiki ijayo, siku moja kabla ya kipimo. Mada ni afya na ubunifu. Mwalimu wa Biolojia ananidai kazi tangu muhula uanze. Anasema nina kichwa kizuri lakini nimekifunika kama sufuria. Basi nitapunguza chumvi ya Bibi kisayansi. Presha itashuka, Bibi atabaki, nami nitasimama mbele ya shule nzima na mchoro wenye rangi. Dawa moja, magonjwa mawili.

Jumanne, 3 Juni

Kikwazo ni sheria ya nyumba yetu: chakula hakisemwi.

Zamani, kabla sijazaliwa, Baba alitamka mbele ya wakwe zake kwamba supu ya Mama imezidi chumvi. Mama aliweka mwiko chini. Hakuushika tena mpaka wazee walipokaa kikao. Tangu hapo kinacholetwa mezani kinaliwa na kinashukuriwa. Kiwe kibichi, kiwe kimeungua, asante mama. Kumwambia Mama apunguze chumvi ni kuchokoza nyuki kwa kidole. Na yeye mwenyewe, aliyemwitikia nesi vizuri hivyo, jana hiyohiyo alichota kama kawaida. Eti chakula bila chumvi ni adhabu, na mama yake mzazi hana kosa.

Tena kitabu cha Biolojia, sura ya utafiti, kinasema mshiriki akijua anachofanyiwa, matokeo yanaweza kuharibika. Nimepigia mstari kwa kalamu nyekundu. Kwa hiyo Bibi asijue. Huu si uongo. Ni utaratibu.

Chumvi yetu inakaa kwenye kopo jeusi, juu ya rafu, pembeni penye giza. Mama halitazami. Siku hizi ana oda ya sare za shule, cherehani inalia sebuleni kutwa. Anakuja jikoni mbiombio, mkono unaingia kopo, unatoka, unamwaga, huyo amerudi kwenye sindano. Nimechanganya chumvi na unga wa mchele, nusu kwa nusu, nikachekecha kwa kipande cha bitana nilichookota chini ya cherehani. Nilikuwa nikichungulia mlango kama mwizi wa kuku. Lakini mchanganyiko ni mzuri. Laini. Mweupe. Wa kitaalamu.

Mshiriki A: Bibi.

Jioni maharage. Matokeo: kimya. Baba alitafuna kama mtu anayesoma maandishi madogo chini ya mkataba. Mama alionja, akatutazama mmoja mmoja. Tukasema asante mama. Bibi alikula taratibu, akaweka kijiko, akaniuliza chinichini kama mchuzi umekolea. Nikasema umekolea sana. Akasema ah. Basi.

Alhamisi, 5 Juni

Injinia ananiudhi.

Injinia ni mwenzangu wa klabu ya sayansi. Jina amejipa mwenyewe. Anachomeka kalamu tatu mfukoni na hajawahi kuandika na zaidi ya moja. Leo ameonyesha kazi yake: pipa la kunawia mikono linalofunguka kwa kukanyaga pedali, usiguse koki kwa mkono mchafu. Mwalimu alikanyaga, maji yakatoka, akacheka kama mtoto. Alikanyaga tena na tena.

Kisha Injinia akaniuliza yangu ni nini. Nikasema, nusu ya sauti, kupunguza chumvi. Akataka kujua uvumbuzi uko wapi hapo. Alisema huo si uvumbuzi, dada, huo ni uchoyo. Darasa likaanguka kwa kicheko. Akauliza nina washiriki wangapi. Nikasema mmoja. Hapo akaja kusimama karibu kabisa na dawati langu, akasema kwa upole kama daktari anayetoa habari mbaya: utafiti wa mtu mmoja si utafiti, ni umbeya.

Nilitafuta jibu kutwa nzima. Limenijia sasa hivi nikipiga mswaki. Nimechelewa.

Nyumbani kuna matatizo ya kiufundi. Mama akionja anakuta chakula kimepooza, anaongeza kijiko, na kila kijiko kina nusu ya unga. Mchuzi umeanza kuganda. Leo mwiko ulisimama wenyewe katikati ya sufuria. Mama aliutazama, akasema maharage ya safari hii yana uji mwingi. Nimebadilisha kipimo: robo chumvi, robo tatu unga. Mtafiti hakati tamaa.

Bibi hakumaliza sahani. Alisema ameshiba. Hakuwa ameshiba, ninamjua.

Jumamosi, 7 Juni

Siku nzito. Sijui niiandikeje.

Asubuhi nilifua. Kwenye mfuko wa shati la Baba nimekuta kikaratasi kimesokotwa, na ndani yake chumvi. Baba! Kumbe ndiyo maana siku hizi mkono wake unashuka chini ya meza kama anayejikuna goti. Baba ni fundi wa friji, mtu mzima mwenye ndevu, anabeba chumvi mfukoni kama mtoto aliyeiba sukari. Nilikirudisha kikaratasi kwenye shati lingine nikanyamaza. Baba si mshiriki.

Mchana Bibi aliniita chumbani akaniambia nifunge mlango. Alikuwa amekaa kitandani, sanduku lake wazi miguuni. Akatoa ile shali yake ya sufu, ya kijivu, ambayo haiazimi hata kwa Mama, akaniwekea mabegani. Akasema ni yangu.

Nikauliza kwa nini. Akanieleza taratibu, kama anayenifundisha njia ya dukani. Alisema ulimi wake umekufa. Sukari bado anaionja kidogo, chumvi haionji kabisa. Watu wote mezani wanakula na kushukuru, chakula kimekolea, hata mimi nilimthibitishia. Yeye anaonja udongo mtupu. Mama yake alianza hivyohivyo. Kwanza chumvi iliondoka ulimini, kisha hamu ya kula, na kabla msimu haujageuka akaondoka na mwenyewe. Alisema hana hofu. Ila anaomba nisimwambie Mama, ana sare za watu.

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua! Maneno yalikuwa pale, nyuma ya meno. Bibi, ulimi wako ni mzima, ni unga wa mchele.

Kisha nikafikiria. Nikisema leo, Bibi atamwambia Mama. Mama ataweka mwiko chini. Chumvi itarudi kwenye kopo, presha itabaki juu, Mjomba atakuja na gari. Nikivumilia mpaka Jumamosi, kipimo kitaonyesha presha imeshuka, nitamweleza yote, tutacheka mpaka tulie. Kwa hiyo kunyamaza ndio huruma.

Nilifunga mdomo. Shali inawasha shingo.

Niliandika: Mshiriki A anaripoti mabadiliko ya ladha. Inatarajiwa.

Jumatatu, 9 Juni

Bibi anagawa vitu.

Mama amepewa hereni za dhahabu, akadhani ni shukrani ya maharage, akafurahi kidogo, kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita. Mjane wa jirani amepewa mwavuli. Baba amepewa msamaha. Bibi alimwita barazani akamwambia amemsamehe ile supu, kutoka moyoni, asibaki nayo. Baba alirudi ndani amepauka. Aliniuliza mimi, kwa kunong'ona, nimefanya nini tena jamani?

Nilisema sijui, Baba.

Mvua haijakatika. Nguo zimeanikwa ndani, nyumba yote inanuka unyevu na kitambaa kipya. Bibi amelala mchana. Yeye halali mchana. Nilikaa kitandani kwangu nikasikiliza anavyopumua, nikarudia kichwani hotuba ya Ijumaa. Mheshimiwa mwamuzi, walimu, wazazi. Hapo ndipo ninapokwama kila mara, kwenye wazazi.

Shuleni Injinia amelipaka pipa lake rangi ya samawati na kuandika MIKONO SAFI, MAISHA SAFI. Herufi zimenyooka. Nilitumaini zitapinda.

Jumatano, 11 Juni

Janga.

Nilikuwa natandika kitanda cha Bibi. Chupa ya dawa zake iko chini ya mto, vidonge havijapungua. Tangu Jumamosi hajameza hata kidonge! Nikamwuliza. Alitabasamu kama nimemfumania akila peremende. Alisema dawa ni za mtu anayebaki, yeye za nini tena. Zisiharibike bure, nesi ampe mwenye kesho.

Nilimwambia meza, Bibi, tafadhali. Akanishika shavu. Hakumeza.

Hapo niliogopa kwelikweli. Nikaamua: namwambia Mama sasa hivi, maonyesho na yafe. Nikaenda sebuleni. Mama alikuwa ameinama kwenye cherehani, pini mdomoni, sketi za shule zimemzunguka kama maji ya mafuriko. Nikasimama nyuma yake. Nikasema Mama. Cherehani ikanguruma. Nikasema Mama tena. Bila kugeuka akanyoosha mkono na kuniambia nishike hapa, pindo lisicheze. Nikashika. Akashona upande wa kwanza. Nikashika upande wa pili. Alisema mikono yangu mizuri, haitetemeki. Tulishona sketi nyingi sana. Alipomaliza alikuwa amechoka hivi kwamba alilia kidogo bila sababu, akafuta macho kwa kipande cha kola, akasema siku hizi hata kupika ameshasahau, mkono wake umepotea, watu wanameza kwa adabu tu.

Sikuweza. Nani angeweza?

Keshokutwa ni maonyesho. Siku baada yake ni kipimo. Siku tatu tu, Bibi amewahi kuvumilia makubwa zaidi. Nimeandika pembeni ya mchoro: dawa zimesitishwa na mshiriki. Angalau sasa hakuna atakayesema ni dawa zilizoshusha presha.

Ijumaa, 13 Juni

Ningependa kuiruka siku hii.

Ukumbi ulijaa. Meza yangu iliwekwa kando ya pipa la Injinia, kwa hiyo watu wote waliosimama mbele yangu walikuwa kwenye foleni yake. Walikanyaga, wakanawa, wakacheka, wakanirushia matone. Mstari wa bluu kwenye mchoro wangu ukatiririka hadi chini. Kwa mbali ulionekana kama presha iliyoshuka vizuri sana.

Sikumwalika mtu wa nyumbani. Nilipoinua macho Bibi alikuwa safu ya pili, ndani ya gauni lake la harusi za watu, mkoba magotini, Mama ubavuni. Baadaye nilijua alimwambia Mama lazima aje anione nikisimama, maana hajui kama atapata nafasi nyingine.

Mwamuzi alikuwa daktari, mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Alisoma bango langu lote, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya. Akauliza kama Mshiriki A alikuwa akijua anapunguziwa chumvi. Nikajibu. Akasema hasikii. Nikajibu tena. Akasema kwa upole, paza sauti, binti, usiogope.

Sasa sikiliza mkosi wangu. Tangu nizaliwe sauti yangu haijawahi kutoka mbele ya watu. Leo ndiyo ikachagua kutoka. Ikatoka yote. Nilisikia ukumbi mzima ukiambiwa: HAPANA, BIBI HAJUI KWAMBA CHUMVI NI UNGA!

Hata pipa la Injinia liliacha kudondosha.

Bibi alitoa ncha ya ulimi. Akaigusa kwa kidole, mbele ya watu wote, taratibu. Kisha akauliza, si kwa ukali, kama mtu anayeulizia basi: kwa hiyo huu ulimi ni mzima? Watu wakacheka. Na yeye akacheka. Alicheka akasimama, akanitazama, na kicheko kikaondoka usoni kabla hakijamalizika mdomoni. Akageuka atoke. Alifika kwenye mlango, magoti yakakataa.

Aliyemdaka ni Injinia. Hata hapo alinitangulia.

Jumamosi, 14 Juni

Zahanati, kisha hospitali, kisha zahanati tena. Bibi yuko macho, anaongea, mkono na mdomo viko sawa. Nesi alisema ana bahati kuliko anavyostahili yeyote wetu. Kipimo kilipanda kuliko vyote vya nyuma. Nesi aliuliza kuhusu dawa. Nikamwambia. Akauliza ni nani mwingine aliyejua kwamba ameziacha. Nikatazama sakafu. Vigae vya kijani, kimoja kimepasuka.

Mjomba alifika mchana na gari, pamoja na Binamu, mtoto wake, ambaye ni wa rika langu na hutafuna vifuniko vya kalamu. Mjomba hakupiga kelele. Ningependelea apige.

Nyumbani, sheria ilivunjika. Mama alishusha lile kopo jeusi, akamwaga yote mezani, akaisugua kwa vidole. Akauliza tangu lini. Nikasema. Akauliza na nyinyi wote mlikuwa mnaonja unga na kuniambia asante? Hapo Baba, ambaye amenyamaza tangu kabla sijazaliwa, akafunguka. Maharage yalikuwa gundi! Juzi kijiko kilimganda kwenye kaakaa! Wali ulikuwa kama kulamba ukuta! Akatoa kikaratasi mfukoni akakiweka mezani kama askari anayesalimisha bunduki. Mama akakitazama kikaratasi. Akasema, wewe pia? Kisha akaweka mwiko chini.

Tumekula mkate mkavu. Kila mtu chumba chake.

Jumapili, 15 Juni

Amekwenda.

Nilimkuta anapanga sanduku. Nilimwambia kila kitu, mwanzo hadi mwisho, sauti ilitoka yote. Nikasema nilitaka presha ishuke asiondoke. Nikasema nilipanga kumwambia jana baada ya kipimo, tucheke. Alisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akanyoosha mkono akaomba shali yake. Alisema hafi tena, kwa hiyo irudi.

Nikaivua. Akaikunja vizuri, akaiweka juu ya nguo.

Nilidhani anafukuzwa na Mjomba. Kumbe hata Mjomba, alipoona Mama analia, alikuwa amelegea. Alisema mzee akae mwezi mmoja zaidi, tuone. Bibi ndiye aliyekataa. Nilimwuliza kwa nini. Alikaa kitandani, kile cha dirishani, akanivuta nikae.

Alisema ningemwambia angekubali. Angekula hata majani makavu, alimradi tunakaa wote. Kwa Mjomba nako atanyimwa chumvi, anajua, mke wa Mjomba hana mchezo. "Lakini yule ataninyima nikimtazama," alisema. "Wewe mjukuu wangu uliniangalia nikijiaga mwenyewe, ukaandika."

Hakunikasirikia. Alinibusu kipaji cha uso. Binamu alibeba sanduku. Gari liliondoka na matope, Bibi amekaa mbele, mkanda umemfunga, hakugeuka kwa sababu shingo inamuuma. Nadhani ni kwa sababu ya shingo.

Jumatano, 18 Juni

Injinia ameshinda. Anakwenda kuiwakilisha shule na pipa lake. Alikuja kwenye dawati langu. Nikajiandaa kwa dhihaka, hata lile jibu nililonalo tangu siku ile ya mswaki nikalitanguliza ulimini. Akauliza tu, bibi yako anaendeleaje. Nikakosa pa kulitia jibu langu. Mtu huyu hajui hata kushindana kwa haki.

Mwalimu wa Biolojia alinirudishia ripoti. Chini ameandika: kazi ya bidii, swali kubwa hukuliuliza. Nimeisoma mara nyingi. Swali gani? Yapo mengi.

Chumba kimekuwa kikubwa. Usiku nasikia godoro la dirishani likijinyoosha lenyewe, kama mtu. Mama anapika tena, baada ya Baba kuomba radhi mara mbili, na sasa kila mlo una maoni. Imezidi, imepungua, imeungua. Ni kelele tupu. Mama na Baba wanabishana juu ya viazi na baadaye wanacheka jikoni, sijui nini kinachochekesha.

Nimekaa na kujitathmini kwa uaminifu, kama inavyompasa mtu wa sayansi. Nimekua. Yule msichana wa mwanzo wa mwezi alikuwa mtoto. Nimeona makosa yangu waziwazi. Kwanza, unga wa mchele unaganda. Wa muhogo huenda ungefaa zaidi. Pili, nilibadilisha kipimo ghafla mno, ulimi ukashtuka. Tatu, bango lilisema mengi. Nne, nilikuwa peke yangu bila msaidizi. Umbeya, alisema Injinia. Inauma, lakini kuhusu msaidizi ana haki.

Jumatano, 25 Juni

Habari njema, hatimaye!

Mjomba alimnunulia Bibi redio ndogo, asipweke. Wiki iliyopita Binamu alinieleza kwenye simu kwamba Bibi huisikiliza mpaka nyumba nzima imelala, hasa kile kipindi cha salamu, anawajibu watangazaji kama wako sebuleni. Nikashtuka. Kitabu cha Biolojia, sura inayofuata ile ya utafiti, kinasema asiyelala vya kutosha presha yake haishuki. Ikishuka, je? Hana sababu ya kubaki kule. Atarudi kwenye kitanda cha dirishani.

Nikampa Binamu maelekezo. Kila jioni, Bibi akienda kuoga, apunguze sauti ya redio kidogo. Unywele tu. Safari hii hakuna la ghafla. Sauti itafifia yenyewe siku hadi siku, hamu ya kusikiliza itafifia nayo, usingizi utakuja mapema. Rahisi. Salama. Hakuna unga wowote.

Binamu alisita. Aliuliza kwani tusimwambie Bibi tu. Ni kijana mzuri lakini hajasoma ile sura. Nilimweleza kwa subira: mshiriki akijua, matokeo yanaharibika.

Jumapili nilizungumza na Bibi mwenyewe. Aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeona haya, kama watangazaji wa siku hizi wanafundishwa kunong'ona. Nilisema ndiyo, Bibi, ndio mtindo. Kisha akasema anashukuru kwamba mimi bado ananisikia.

Leo Binamu ameleta ripoti ya kwanza. Sauti imeshuka chini ya nusu. Bibi hajalalamika hata neno. Anakaa ameisogelea redio kabisa, macho ameyafumba, kiganja nyuma ya sikio, hatikisiki.

Nimeandika: Mshiriki A ameanza kusinzia. Matokeo ya awali yanatia moyo.